Aliyefumuliwa Ukutani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, niligombezwa kwa kosa la kushona vizuri. Ninyi vijana mnaoshona siku hizi kwa mashine za umeme mtacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa fundi mzima. Nilikuwa nimeshona suti za maharusi Uvira na makoti ya makarani Bujumbura, na sasa mwanamke niliyemzidi umri ananiambia mbele ya watu nifumue.

Lazima mjue nilikotoka ili mwelewe hasira yangu. Fundi aliyenifunza kazi Uvira, kwetu Kongo, ambaye sote tulimwita Maitre, hakuwahi kuitazama nguo upande wa nje. Aliigeuza kwanza. "Minaangalia ndani," alikuwa akisema. "Inje ni ya bantu, ndani njo ya fundi," yaani nje ni ya watu, ndani ndiyo ya fundi. Ukingo wa kitambaa usiokunjwa aliuita kidonda, na ukimpelekea nguo yenye kidonda alikurushia usoni. Mtu aliyelelewa hivyo anakunja kingo hata usingizini.

Basi Madamu Msimamizi aliponipa kitambaa chenye vipande vya ndege na miti vilivyobandikwa juu yake, nilikaa nikakunja kila ukingo, nikashona kwa mkono, mshono usioonekana. Nilipomaliza nilimpelekea nikiwa na kichwa juu. Madamu alikuwa Mmalawi, lakini alikulia Mbeya, upande wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redio na ndiyo maana walimpa sisi tumsumbue. Aliipitisha kazi yangu vidoleni.

"Fundi, kingo hizi umezikunja zote?"

"Zote, Madamu. Hakuna hata moja imebakia."

"Basi fumua zote."

Alinieleza kwa upole, na upole wake uliniudhi zaidi. Kazi yao ilikuwa ya kingo wazi. Kipande kinakatwa kwa umbo lake, kinalazwa juu ya kitambaa cha msingi, kinashonwa mstari mmoja ndani kidogo ya ukingo, basi. Ukingo wenyewe unaachwa. Siku zinavyopita unatoa nyuzi kidogo, unakuwa na manyoya, na picha inaonekana kama inapumua. "Ukikunja," aliniambia, "unaiua." Nilimwona hajui kitu. Baada ya miezi kadhaa nilijua kwamba anajua, ingawa kumwambia sikumwambia.

Karakana yetu ilikuwa kwenye chumba cha gereza la zamani. Hilo si siri. Kambi ile ilikuwa gereza kabla yetu, na wenyeji wa vijiji vya karibu walipotuletea mahindi ya kuuza hawakupenda kuingia ndani ya majengo yale hata mvua inyeshe. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, dirisha moja dogo juu karibu na paa, na ukuta mmoja mpana usio na kitu, ambao kwa kazi yetu ulikuwa mzuri sana. Tuliupaka chokaa. Lakini kila masika unyevu ulipopanda, chokaa ilikuwa ikififia na mikwaruzo ya chini yake ikatokeza, mistari iliyochimbwa na kitu butu, mingine mirefu, mingine ya kukatishwa katikati. Wanawake waligeuza viti vyao wasiitazame. Mimi niliwatania, nikaweka kiti changu kikiuelekea ukuta. Hata hivyo nakiri kwamba wakati wa baridi, upepo wa wilaya ile ya Dowa ukipita dirishani, chumba kile kilikuwa kikivuta pumzi ndefu, na mtu alijikuta akingoja kiitoe.

Nilikuwa mwanamume peke yangu mle ndani, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa wa fundi, nilipewa kazi ya kumalizia. Nitaieleza, maana sioni tena mtu anayeifanya sawasawa. Tablo, ndivyo tulivyoziita hizo picha za ukutani, ina matabaka matatu. Juu kuna picha yenyewe. Katikati kuna kitu kinene cha kuipa mwili. Wengine wanatumia pamba, sisi tulitumia blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri. Chini kuna kitambaa cha mgongo. Unayalaza matabaka yote mezani, unayanyoosha kuanzia katikati kwenda nje, kisha unapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kuyashikiza yasihame. Halafu ndiyo unashona mistari inayopenya matabaka yote matatu, ukizunguka kila umbo. Ukizunguka mtu kwa mshono, kitambaa kinachomzunguka kinakaa chini na yeye anavimba kidogo, anatoka mbele. Mwisho unakata pande zote zilingane, unavalisha ukanda wa pembeni uliokatwa kwa mshazari ili upinde kona bila kukunjamana, na nyuma unashona mfereji wa kupitishia fimbo. Ukanda ukishafungwa, tablo imekwisha. Hakuna tena kuingiza wala kutoa.

Sasa ikaja oda kubwa. Bwana Ofisa mmoja wa Lilongwe alitaka tablo ya kutundika ukumbini, ionyeshe safari ya wakimbizi, watu wakitembea kwa mstari na mizigo yao. Madamu aliichora kwa chaki. Nyuso hazikuwa na macho wala midomo. Vichwa vilikuwa vipande vya kitambaa cheusi tu, kwa sababu macho ya kushonwa, alisema Madamu, hutoka kama ya vikaragosi. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililoanzisha yote.

"Nguo zao zisiwe vitambaa vipya. Leteni nguo mlizokuja nazo."

Alimaanisha rangi iliyopigwa na jua. Lakini fikirini ninyi wenyewe, mtu anayekimbia anabeba nguo gani? Zake amezivaa, na hata anapofika zimeshakuwa matambara. Kilichobaki kwenye fungu la kichwani ni vya wasiokuwepo. Shati la mume aliyebaki nyuma kufunga mlango. Kikwembe, yaani kitenge, cha mama aliyeketi kando ya njia akasema nyinyi tangulieni. Kwetu mtu akifa nguo zake zinangoja matanga yaishe, ndipo wakubwa wa ukoo wanazigawa, huyu koti, yule shati, na aliyekufa anakuwa amepata mahali pa kukaa miongoni mwa watu wake. Hawa wa njiani hawakukaliwa matanga. Nani aligawe shati la mtu ambaye hujui kama amekufa? Nguo zile zilikaa kwenye mafungu zikinuka moshi, na hakuna aliyezivaa.

Wakazileta hizo. Mimi mwenyewe nilileta mkono wa koti la kaka yangu mkubwa, koti nililomshonea kwa mikono yangu. Nilipoukata nililia, na wanawake walikuwa na adabu ya kutazama kazi zao. Concessa, Mrundi mmoja mkimya aliyekaa karibu nami, alilaza kitambaa cha mumewe juu ya chaki akasema polepole, "Sasa bako na mahali." Hatukumwambia Madamu. Si kwamba tulimficha, hakuuliza tu, naye alifurahi kuona rangi zimekaa vizuri.

Mtu wa karibu na mwisho wa mstari alikuwa na shati la kijani. Lilikuwa la Wilondja, kijana wa Mama Asende. Mama Asende alikuwa Mbembe wa Fizi, aliyekuwa akiuza mawese Rumonge, upande wa Burundi. Walipotezana na mwanawe siku soko lilipovunjika watu wakikimbia, naye aliulizia kila njia mpaka akachoka kuulizia. Alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko, lakini siku aliyolikata shati lile alishona ametupa mgongo mpaka jioni.

Picha ilipokamilika niliitundika ukutani ininginie, maana kitambaa lazima kijivute kwa uzito wake kabla hujapiga bandi. Asubuhi nilipofungua nilikuta nyuzi za kijani sakafuni, chini kabisa ya yule mtu. Nikafagia. Kesho yake zikawepo tena. Ukingo wazi hutoa nyuzi, ndiyo, nimeshawaeleza, lakini hutoa kote, na ukishikwashikwa. Huyu peke yake alikuwa anaachia. Koti la kaka yangu, lililokuwa la sufu na baya zaidi kwa kufumuka, halikuwa limetoa hata unyoya. Nilishuku panya. Nilimshuku Mama Asende, kwamba anakuja kumpapasa mwanawe, nikamwambia hivyo.

"Mi?" alisema. "Fundi, mi hata kumuangalia siwezi. We njo uko na ufunguo."

Ni kweli, ufunguo nilikuwa nao mimi, na nililala nao shingoni. Nyuzi ziliendelea. Nikamwongezea mshono wa pili ndani ya ule wa kwanza, nikajiambia shati lile lilikuwa limevaliwa sana, limelegea. Niliona kila mwanamke anayepita mbele yake anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Kisha nikaweka matabaka, nikapiga bandi, nikaanza kushona mistari kutoka katikati. Watu walivimba mmoja baada ya mwingine, wakatoka mbele, na wanaoketi nami wakaanza kuwasalimia kwa majina, kwa sauti ndogo, kila mmoja na wake. Nilipomfikia wa shati la kijani uzi ulikatika. Nikatia mwingine, ukakatika. Nikaubadilisha, nikaupaka nta, ukakatika palepale, chini ya bega.

"Fundi, umuache," alisema Mama Asende. "Hataki."

"Shati haina kutaka," nilimjibu vibaya. Nikatumia uzi wa kushonea viatu. Huo haukukatika. Nilimzunguka mpaka mwisho, akavimba na wenzake, nikaitundika tena ukutani ingoje kukatwa na kuvalishwa ukanda. Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa safi.

Haikupita wiki, lori lililoleta watu wapya kutoka Karonga, mpakani, likasimama getini mchana kweupe, na akashuka Wilondja.

Sitajaribu kueleza furaha ya Mama Asende. Alianguka chini, akainuka, akampiga mwanawe makofi ya mgongo, akaanguka tena. Kambi nzima ilikuja. Tulikula maharagwe na nsima, ugali wa kule, na mtu akaimba nyimbo za Fizi, na mimi nilicheza, mimi ambaye sichezi. Kijana alikuwa amekonda, anacheka kidogo, anashika mkono wa mama yake kama mtoto. Alasiri mama yake akamleta karakana atusalimie.

Alisimama mlangoni. Alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kwa heshima, kisha macho yake yakapanda ukutani na mkono aliokuwa amenipa ukalegea ndani ya wangu.

"Ile shati ni yangu," alisema.

"Njo yako," alisema mama yake, akicheka bado. "Tulikuweka pale, tukumbuke."

"Na ule wa mbele yangu ni mama mudogo. Kikwembe yake ile." Alikuwa anaongea polepole, bila hasira. "Mama, ule mi mwenyewe nilimuzika. Juu ya nini munanishona na bantu bamekufa?"

 Ndipo akanigeukia mimi, sijui alijuaje kwamba ni mimi. "Baba," aliniambia, "siku ile tuko karibu kuvuka mupaka, nilianza kusikia kitu hapa. Inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka. Kisha inaacha, kisha inarudilia." Akapeleka mkono nyuma na kugusa chini ya bega, pale hasa uzi wangu ulipokuwa ukikatika.

Mimi si mtu wa kuamini mambo. Maitre alinifundisha kwamba kitambaa ni kitambaa. Lakini niliogopa siku ile, niliogopa vibaya.

Kijana hakula jioni ile, wala kesho yake. Alilala amegeukia ukuta akitetemeka. Zahanati walimpima wakampa vidonge, na vidonge alivimeza, lakini chakula kilikuwa kikimrudia. Alisema hana maumivu, ila anajiona yuko mbali, kwamba watu wakimsemesha sauti zao zinapita kwenye blanketi. Mama Asende akaja kwangu asubuhi nikikata ukanda wa pembeni. Safari hii hakuwa na kicheko.

"Umeshafunga?"

"Bado. Nafunga leo. Madamu anakuja kuibeba."

"Ukifunga, amefungiwa ndani. We unajua." Alishika mkasi wangu kwa upande wa makali. "Mutoe mutoto wangu, Fundi. Bale bengine ni bapumzike. Yee iko na mwili."

Nilimweleza kama fundi. Nilimwambia mshono ukishapenya matabaka matatu, ukiufumua unaacha matundu, na kitambaa cha msingi kimeshachukua umbo. Kazi itaharibika, na ni kazi yetu sote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, "Sawa. Mutoe," nikaishusha tablo mezani.

Palepale uzi ulipokuwa ukikatika nilipomshona, sasa ule wa viatu ulikataa kukatika. Ilinibidi niuinue tundu kwa tundu kwa ncha ya sindano. Wanawake walisimama kuizunguka meza, na Concessa alikuwa anaomba kwa Kirundi. Nilipotoa kichwa na shati likatoka lote, Mama Asende alilipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo nyumbani, akalishona kama kiraka kwenye nguo aliyokuwa ameivaa mwanawe. Jioni ile Wilondja aliomba uji. Vidonge navyo vilikuwa vimeanza kazi, na sitabishana na mtu wa zahanati. Nasema nilichokiona: aliomba uji, akaomba tena.

Lakini mezani kwangu kulibaki kitu. Mishono ya kuzunguka watu wengine ilikuwa imemwacha yeye kama alivyo, blanketi la ndani lilikuwa limeshajikusanya, na pale palipokuwa na kijana palibaki umbo la mtu lililovimba, bila nguo, bila kichwa, la rangi ya udongo kama kitambaa cha msingi. Mstari wa watu ulikuwa unatembea, na kati yao alitembea mtu ambaye hayupo. Nilitafuta kipande kipya kwenye mfuko wa mabaki ya washonaji wa Chilinde, mtaa wa Lilongwe, cha kumziba. Concessa akanizuia.

"Hiyo haina mutu," alisema. "Pale panaomba mutu."

Nilitaka kumkemea, nikatazama wanawake wengine. Kila mmoja alikuwa amekusanya nguo zake mapajani, vitenge vimebanwa chini ya magoti, mabaki yametiwa mifukoni. Hata mimi, niligundua kwamba nilikuwa nimefunga kifungo cha juu cha shati. Hakuna aliyetaka uzi wake mmoja ubaki karibu na meza ile.

Ndivyo Madamu Msimamizi alivyotukuta. Aliona pengo, akadhani kipande kimeharibika. Hakuuliza, alikuwa na haraka, maana Bwana Ofisa alikuwa anasubiri. Akafungua kilemba chake cha bluu kichwani, akakikung'uta, akakilaza juu ya yule mtu asiyekuwepo.

"Tumieni hiki," alisema. "Bluu itapendeza kati ya zile kahawia. Nakwenda kusaini mafuta ya gari, nikirudi tunaondoka."

Akatoka. Kilemba kilikuwa bado na joto la kichwa chake, nilikigusa nikalisikia. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba yeye si wa kwetu, haitamshika. Mwingine akasema ametoa mwenyewe, hatukumwomba. Concessa alinitazama tu. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Huyu ni mwanamke aliyeniambia nifumue siku ya kwanza. Pia ndiye aliyenitafutia miwani Lilongwe bila mimi kumwomba, alipoona navuta sindano karibu na pua. Nilimpenda yule bosi, basi, na niliposikia sauti yake uani akicheka na dereva nilijua siwezi. Nikachukua kilemba nikamfuata.

Nilimwambia yote, nguo za nani zile, na kijana wa Mama Asende, na pengo. Nilingoja acheke, au akasirike kwamba tumemchelewesha. Alikaa kwenye hatua ya gari. Upepo ulikuwa unacheza na nywele zake ambazo hatukuwahi kuziona.

"Fundi, unajua kwa nini nilikulia Mbeya?"

"Hapana, Madamu."

"Watu wa serikali walikuja wakamchukua baba akiwa anakula. Mchana. Walimwambia mama asiulize, na mama hakuuliza, alitubeba tukavuka mpaka. Hatukuambiwa alipelekwa wapi. Wengine walisema gereza hili, wengine lile." Alikizungusha kilemba mkononi. "Nilipopewa kazi hii walinionyesha vyumba vyote nichague cha karakana. Vipo vyenye mwanga kuliko hicho chenu. Nikachagua hicho. Mpaka leo sijui kwa nini."

Nilifikiria ile mikwaruzo chini ya chokaa, na kiti changu kilichoielekea muda wote ule.

Akajifunga kilemba tena, akakaza. "Ikunje tablo," alisema. "Tunapita kwa mama kwanza. Bwana Ofisa atasubiri."

Mama yake alikaa Kauma, pembeni mwa Lilongwe, kwenye nyumba ndogo yenye kibaraza kilichofagiliwa. Alikuwa bibi mkongwe, mwembamba, asiyeongea. Kiswahili cha Mbeya alikuwa amekiacha kulekule. Binti yake alizungumza naye kwa Kichewa muda mrefu ndani, na mimi nilikaa nje na tablo yangu magotini. Hatimaye bibi akatoka na shati la mistari la mumewe lililokunjwa mraba, lililokunjwa siku nyingi kiasi kwamba mikunjo ilikuwa imebadilika rangi. Alilifungua mwenyewe. Mkasi nilipompa binti, bibi akamnyang'anya, akakata yeye, mgongoni mwa shati, bila kutetemeka.

Sikuhitaji chaki. Nilikilaza kipande juu ya lile umbo nikafuata ukingo wake, na kilikaa kama kilichopimwa. Nilimshona kwa uzi wa kawaida na haukukatika hata mara moja. Kingo nikaziacha wazi. Nikamshonea kichwa, nikakata pande, nikavalisha ukanda wa mshazari kona zote nne, nikashona mfereji nyuma, palepale kibarazani, huku kuku wakinizunguka miguuni. Tablo ilifika kwa Bwana Ofisa siku kadhaa baadaye. Alimwambia Madamu kwamba huyo wa mistari ndiye anayempendeza kuliko wote, kwa sababu anaonekana kama anajua anakokwenda.

Nilishona nyingine nyingi baada ya hiyo. Karakana ilihama chumba, Madamu alipewa kazi nyingine, na mimi mwishoni nilifungua meza yangu Area 23, Lilongwe, nikishona sare za shule mpaka macho yalipogoma kabisa. Wilondja ameoa, ana watoto, na nikikutana naye ananishika mkono kwa mikono miwili lakini hanigeuzii mgongo. Sasa nimestaafu, nakaa, vijana mnakuja mnaniuliza namna ya kukata mshazari, na ninawaeleza. Mnaniuliza pia nilijuaje siku zile kwamba kazi imekwisha sawasawa. Zamani ningewajibu kwa maneno ya Maitre, geuza utazame ndani. Siku hizi nawasimulia mchana ule wa Kauma.

Nilikuwa nimepitisha fimbo, nikaitundika tablo kwenye ukuta wa kibaraza nione kama inaanguka sawa. Bibi akaja na mkeka. Akautandika chini ya ukuta, akapiga magoti jinsi wanawake wa Malawi wanavyopiga magoti mume anaporudi, akainamisha uso na kupiga makofi madogo ya viganja vilivyokunjwa.

"Mwabwera, bambo?" alisema. Mmekuja, baba?

 Alikaa hivyo akisikiliza, akitikisa kichwa kidogo mara kwa mara, kama mtu anayeelezwa habari ndefu na mwenye nazo. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakukuwa na upepo. Kingo za shati la mistari zilikuwa zinatikisika.

"Zikomo," asante, aliitikia bibi mwishowe. Akainuka, akakunja mkeka, akamwambia binti yake aende akawaite majirani, maana msiba umefika nyumbani. Walipoanza kuingia uani, wanawake wakilia, nilivua kofia, nikaenda kuketi chini pamoja na wanaume.